Mbao za Korongo Mweupe

Bertila hakuwahi kumkatalia shemeji yake kitu. Miaka kumi na moja iliyopita, alipotua Houston na sanduku moja na cheti cha usanifu majengo ambacho hakuna ofisi iliyokitambua, Humphrey, mume wa dada yake, ndiye aliyempokea uwanja wa ndege. Alimpa chumba cha wageni miaka miwili, akamfundisha kuendesha gari kwenye barabara za njia sita, akamtafutia mtu wa kumwingiza kwenye ofisi ya wachora ramani alikokuwa akifanya kazi hadi leo. Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi, Humphrey alipomfuata kwake Pearland na bahasha ya picha mkononi, Bertila alikuwa ameshakubali moyoni kabla bahasha haijafunguliwa.

"Shemeji, kaa kwanza," Humphrey alisema. "Nimenunua baa."

"Nyingine tena?"

Alikuwa nazo nne, zote Houston, na mbili kati yake hazikosi foleni siku ya mpira.

"Hii si nyingine. Hii ina miaka karibu mia tano."

Akazimwaga picha mezani. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja katika kijiji cha Uingereza, nguzo zake nyeusi zikionekana waziwazi kati ya kuta nyeupe. Ghorofa ilichomoza mbele kuliko chumba cha chini, kiasi kwamba mtu aliyesimama mlangoni angekingwa mvua na sakafu ya watu wa juu. Paa lilikuwa limelegea katikati kama mgongo wa punda mzee. Hapakuwa na mstari ulionyooka popote, na bado nyumba ilisimama. Juu ya mlango kilining'inia kibao chenye picha ya korongo mweupe, ambaye baa ilipewa jina lake.

Bertila alizishika zile picha kwa ncha za vidole. Mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam aliwahi kuchora fremu ya namna hiyo kwa wiki tatu mfululizo: ulimi wa boriti unaingia kwenye tundu la nguzo, kigingi cha mbao kinapigwa katikati, na nyumba nzima inashikana bila msumari hata mmoja. Hakuwahi kuiona kwa macho.

"Iko wapi?"

"Mesquite." Humphrey alicheka. "Imelala kwenye makontena matatu, kwenye ghala la rafiki yangu kule Dallas. Wewe nenda ukazipange hizo mbao, uzipime, unichoree. Tutaisimamisha hapa Houston. Hakuna mtu Texas nzima mwenye kitu kama hiki."

"Wenyewe walikuruhusu? Najua nyumba kama hizi kule kwao zinalindwa na sheria."

"Iliungua kidogo, moto wa jikoni. Wakaona haifai tena. Sisi tumeiokoa, shemeji."

Neno lile, tumeiokoa, lilimpendeza. Akaomba likizo ya wiki moja kazini.

Kuanzia Pearland hadi Mesquite ni safari ya saa nne na ushee ukikosa ajali njiani. Ghala lenyewe lilikuwa refu kama kiwanja cha mpira, limejaa majokofu na matairi, na mtu aliyepewa kumsaidia alikuwa mwendesha folklifti ya kunyanyulia mizigo, Mkongomani wa makamo aitwaye Mugisho. Alikuwa mwembamba, mpole, na kabla ya vita kumtoa kwao Walungu alikuwa fundi seremala.

"Karibu, mama," alisema, akimsalimia kwa mikono miwili. "Banasema unakuya kuangalia miti. Mie pia nataka kuiona. Tangu ifike, hakuna mutu anafungua."

Walifungua kontena la kwanza pamoja. Harufu iliyotoka iliwarudisha nyuma wote wawili. Mbao zilikuwa zimefungwa na maji ya kuzimia moto ndani ya nailoni, kisha zikaokwa kwenye bati kiangazi kizima cha Texas. Ukungu wa kijani umeota juu yake manyoya ya urefu wa kidole kizima. Chini, kwenye mbao za sakafu, bia iliyomwagikia pale vizazi na vizazi ilikuwa imeamka ikachacha upya, na katikati ya ule utelezi walikuwapo panya watatu waliovimba, funza wakiwatoka. Bertila alijifunika pua na mkono wa shati. Mate yalimjaa mdomoni, akayatema nje mara mbili.

Mugisho alitikisa kichwa. "Mutu anayependa mbao hafungake vile."

Walifanya kazi siku mbili. Mugisho alizitoa boriti moja moja kwa folklifti, wakazisugua kwa brashi kavu, wakazilaza sakafuni juu ya vibanzi ili zipate hewa. Ukungu ulipotoka, chini yake mwaloni ulikuwa mgumu kama chuma, na alama za tezo za watu waliouchonga zilionekana bado, pigo baada ya pigo.

Mugisho ndiye aliyegundua maandishi. Kwenye kila kiungo, mtu alikuwa amechanja mistari kwa patasi: mmoja, miwili, mitatu, kisha mistari inayokutana kama mdomo wa ndege.

"Ni hesabu," Mugisho alisema. "Mafundi bale balichonga kila kitu chini, halafu banaandika, ili wakipandisha basipotee. Tatu inaenda na tatu. Na sisi tulifanyaka vile vile kwa paa ya kanisa."

Basi wakafuata alama. Tatu na tatu, nne na nne. Alasiri ya siku ya pili upande mzima wa mbele wa ile baa ulikuwa umelala kwenye saruji ya Mesquite, ndimi ndani ya matundu yake, na hakuna hata kiungo kimoja kilichokataa. Katikati zilikaa nguzo mbili kubwa zilizopinda, zinazoanzia chini kabisa na kukutana kileleni kubeba paa. Mugisho alipiga magoti, akafuata mishipa ya mbao kwa kiganja kwenye nguzo ya kushoto, halafu ya kulia.

"Mama, angalia. Hii iko muti moja tu. Balitafuta muti wenye kupinda, banapasua katikati kama samaki. Hii na hii ni mundugu na mundugu."

Bertila alijikuta anacheka kwa furaha, amekaa sakafuni na vumbi hadi nyusini. Alipiga picha mia moja hamsini. Alichora mpaka mkono ukafa ganzi.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kuta zenyewe hazikuwapo. Kati ya nguzo na nguzo palipaswa kuwa na fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, na kilichosalia kilikuwa kipande kimoja kilichong'ang'ania kwenye pembe. Alikichungulia kwa tochi. Udongo, nyasi, samadi, manyoya ya farasi, na juu ya chokaa vidole vinne vya mkandikaji vimepita vikaacha mifereji. Bibi yake kule Kilema alikandika jiko lake hivyo hivyo, kwa mkono uleule wa kulia. Akampigia simu Humphrey kuuliza udongo uliobaki uko wapi.

"Tulimwaga," Humphrey alisema. "Nani atakuja kunywa bia kwenye ukuta wa mavi ya ng'ombe?" Na akacheka muda mrefu.

Bertila alikata simu kabla hajamaliza kucheka. Alijiambia ni uchovu.

Siku ya tatu walifikia mbao zilizoungua. Nguzo tatu za upande wa nyuma zilikuwa makaa mpaka kwenye goti. Bertila alizichora pia, kisha akaona Mugisho ameinama ananusa kama mbwa wa polisi.

"Mafuta ya lori," Mugisho alisema.

"Labda ni kontena."

"Zile zingine hazinuke. Na ona, mama. Banasema ni moto ya jiko, si ndiyo? Jiko iko hapa." Alionyesha boriti nyeusi kwa masizi, iliyokaa juu ya meko, upande wa pili kabisa. "Moto ya jiko inaanziaka ndani, inapanda. Hii inaanzia inje, chini, kwa nguzo tatu, sawa sawa. Mie nilionaka nyumba mingi zikichomwa. Najua moto ya kuwashwa."

Alisema hivyo bila kuinua sauti, kisha akarudi kwenye folklifti yake.

Adhuhuri hiyo, wakigeuza boriti ya juu ya kaunta, waliliona tangazo. Lilikuwa bado limebanwa kwenye mbao kwa pini nne, ndani ya mfuko wake wa plastiki, limekunjamana kwa moshi. Liliwaomba wanakijiji waje mkutanoni kuizuia baa yao isiuzwe nje ya nchi. Chini yake palikuwa na jina la mama mmoja, Winifred, na namba ya simu.

Bertila alitoka nje, akakaa ndani ya gari lake, kiyoyozi kikivuma, akapiga. Kule ilikuwa jioni. Sauti ya mama mtu mzima iliitika.

"Samahani kukusumbua," Bertila alisema kwa Kiingereza. "Naitwa Bertila. Nipo Texas. Nazipanga mbao za Korongo Mweupe."

Kule upande wa pili kiti kilivutwa.

"Zote zipo?" yule mama aliuliza.

Kisha akamsimulia. Dalali alikuwa amekuja kijijini akiwa na mnunuzi wa Marekani asiyetajwa jina, akaomba kibali cha kuivunja baa na kuihamisha. Halmashauri ikakataa. Akaomba tena, ikakataa tena. Jumatano moja saa tisa alasiri, moto ukawaka nyuma ya nyumba. Mwenye baa, mzee aliyezaliwa katika chumba cha juu cha nyumba ileile, alirudi ndani kumtoa mpishi wake. Mpishi alipona. Mzee aliungua mikono yote miwili, na sasa hata kikombe cha chai hunyweshwa na binti yake. Wataalamu wakasema jengo ni la hatari, livunjwe.

"Jumamosi asubuhi," Winifred alisema, "makontena yalikuwa yameshafika barabarani. Moshi ulikuwa bado haujaisha. Sisi tulisimama tunatazama, na tulijua, lakini unathibitishaje?"

Bertila aliomba tarehe ya ule moto, akaiandika kwenye kiganja. Akarudi ghalani. Kwenye mlango wa kila kontena palikuwa na mfuko wa plastiki wenye karatasi za usafirishaji. Alichomoa ya kwanza, akaisoma, akaisoma tena. Makontena yaliagizwa, kwa jina la kampuni ya Humphrey, siku tisa kabla ya nyumba kuungua.

Alisimama pale na karatasi mkononi, na ile harufu ya siku ya kwanza ikamrudia ingawa ghala lilikuwa safi.

Jumapili alikwenda kula kwa dada yake, kama kila Jumapili. Dorothea na Humphrey waliishi upande wa magharibi wa Houston, nyumba yenye dari ndefu na sebule mbili. Dorothea alikuwa ameandaa ndizi na mbavu za mbuzi. Bertila alikuwa amepanga kusema baada ya chakula, kwa adabu, lakini Humphrey alikuwa anakula mbavu, na mafuta yalimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, na alipokuwa akiyaramba Bertila aliona hawezi tena kungoja.

"Shemeji, ile baa ilichomwa."

Humphrey hakuacha kutafuna. "Nani kakwambia?"

"Mbao zinanuka dizeli. Na makontena uliyaagiza siku tisa kabla ya moto."

Dorothea alikuwa akimimina maji. Aliendelea kumimina mpaka glasi ikajaa, akaiweka chini taratibu, akaenda jikoni.

"Mimi sikuwasha kitu," Humphrey alisema. Alichagua ubavu mwingine, akaugeuza kutafuta penye nyama. "Nilimwambia dalali nazitaka hizo mbao, sitaki kusikia habari za halmashauri. Yeye akanijibu nitazipata. Mtu mzima haulizi zaidi ya hapo."

"Kuna mzee ameungua mikono."

"Nimesikia. Pole yake. Alikuwa na bima." Akafuta mdomo. "Usinitolee macho hivyo, shemeji. Wazungu wamebeba vitu vyetu vingapi? Pembe, mifupa, mafuvu ya babu zako yapo kwenye masanduku huko kwao. Kuna aliyekuuliza? Leo Mswahili mmoja kabeba baa moja, ndiyo mnalia?"

Lilikuwa neno zito. Bertila alijua kuwa ni kweli. Mwalimu wake mwenyewe aliwahi kuwaambia habari za mafuvu yale darasani, na alilia siku ile. Lakini kumsikia Humphrey akiyataja sasa, kipande cha nyama kimemganda kwenye jino, akiwaburuta wafu wa watu kuja kumfutia mikono, kulimtia kinyaa kuliko ule moto.

"Yule mzee hakubeba fuvu la mtu," alisema. "Aliuza bia."

"Basi hata hivyo yamekwisha." Humphrey aliisukuma sahani. "Na michoro yako sitaihitaji yote. Nichoree sura ya mbele tu. Wahandisi wamesema fremu ya chuma ndiyo rahisi. Zile mbao tutazipasua: nyingine tubandike ukutani, nyingine meza, vipande vidogo tufanye vibao vya kuwekea glasi. Kila mteja anakunywa juu ya miaka mia tano. Umeona hiyo? Nimeibuni mwenyewe."

Bertila alitazama sahani yake. Alikuwa amekula nusu. Alinyanyuka bila kuaga, na njia nzima hadi Pearland alihisi mafuta yale yamemganda kwenye kaakaa, na kila alipomeza alijiona anameza pamoja naye. Ni yeye aliyezipanga mbao zile. Ni yeye aliyezisafisha zikawa tayari kwa msumeno.

Simu ya Mugisho ilikuja Jumanne saa tatu asubuhi, akiwa ofisini.

"Mama, banakata."

"Nani?"

"Balituma watu wane na mashini. Mie nimewaambia ngojeni, mama anakuja. Bananicheka. Kuya mbio."

Aliwaambia ofisini ana msiba, na kwa namna alivyoonekana hakuna aliyemuuliza wa nani. Aliendesha saa nne bila kusimama. Alipoingia ghalani, mashine ilikuwa imenyamaza na hewa ilikuwa ya njano kwa unga wa mbao. Harufu ya mwaloni uliokatwa ni kali, kama siki na ngozi mbichi. Ile nguzo ya kushoto, mmoja wa wale ndugu wawili, haikuwapo tena. Ilikuwa imekatwa vipande vya unene wa kidole gumba, mamia, vimepangwa ndani ya maboksi ya ndizi. Mmoja wa wakataji alikuwa amekaa juu ya boriti anakula mkate wenye nyama, na karatasi yake yenye mchuzi mwekundu ameibandika kwenye alama za fundi.

Bertila alitoka nje mbio. Hakufika mbali. Alitapika kando ya jaa la taka, akishikilia ukingo wake kwa mikono miwili, na kulikuwa na joto la Texas na nzi na uvundo wa maziwa yaliyooza humo ndani, na alitapika tena mpaka akabaki anakamua nyongo. Aliposimama wima, machozi yanamtoka, aligundua kwamba sasa haogopi. Humphrey wa uwanja wa ndege, Humphrey wa chumba cha wageni, alikuwa ametoka pamoja na vile vyote.

Alirudi ndani. Mugisho alikuwa ameegesha folklifti mbele ya mbao zilizobaki, kati ya matairi na ukuta, mahali ambapo hakuna kitu kingeweza kupita, na alikuwa amekaa juu yake, mikono kifuani.

"Toa hiyo mashine," mkuu wa ghala alikuwa akimfokea kwa Kiingereza. "Nitakufukuza kazi."

"Funguo imepotea," Mugisho alijibu kwa Kiingereza chake cha polepole.

"Imepotea wapi?"

"Kama ningejua, isingekuwa imepotea."

Bertila alisimama upande wake. Alimwambia mkuu wa ghala, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia kwa wakandarasi wakaidi, kwamba mbao hizi ni ushahidi wa jinai katika nchi nyingine, kwamba ana karatasi, na kwamba atakayekata tena kuanzia dakika hii atatajwa kwa jina. Hakuwa na uhakika kama ni kweli. Hata hivyo mtu wa mkate aliufunga mkate wake, na wenzake wakaanza kuzungusha nyaya.

Hapo hapo, akiwa amekaa sakafuni mbele ya folklifti, alimtumia Winifred kila kitu: karatasi za usafirishaji, picha za nguzo zilizoungua, michoro, hata picha ya maboksi ya ndizi. Jibu lilikuja kabla hajainuka. Winifred alikuwa ameandika neno moja tu, asante, na baadaye kidogo ukafuata ujumbe wa pili: naenda polisi.

Mugisho alifukuzwa kazi saa kumi jioni. Alikusanya kofia yake na chupa ya chai, akampa Bertila mkono kwa mikono miwili kama siku ya kwanza.

"Kaka, nimekuponza," Bertila alisema.

"Apana, mama. Ingekuwa mie nimekata ile mundugu ya pili, ningekulaje chakula?"

Mambo yalikwenda polepole, kama mambo ya wanasheria yanavyokwenda. Kule Uingereza dalali alikamatwa, akawataja vijana wawili waliomwaga dizeli. Hakumtaja Humphrey, au alimtaja na haikutosha. Humphrey aliwaambia wote kwamba alitapeliwa, na watu wengi wa kanisani walimpa pole. Alikubali kuzirudisha mbao zilizobaki. Mia moja na kumi na nne zilipakiwa tena, safari hii zikiwa kavu, na Bertila alikwenda Mesquite kusimamia kila fundo. Winifred aliandika kwamba zinatosha kusimamisha vyumba viwili kati ya vinne, na kwamba wamepata fundi wa kuchonga nguzo ya kushoto upya, ingawa itakuwa ya mti mwingine.

Baa ya Humphrey ilifunguliwa hata hivyo. Boriti zake zilikuwa za povu lililopakwa rangi nyeusi. Ukizigonga zinatoa sauti ya boksi. Ilijaa tangu siku ya kwanza. Wafanyakazi wenzake Bertila walikwenda, wakamletea picha, wakamwambia pamependeza sana, utadhani uko Uingereza kabisa. Walipomwalika, aliwaambia anaumwa tumbo.

Mugisho alihamia Houston kwa binamu yake Bisimwa, kwenye nyumba za kupanga za mtaa wa Gulfton, wanane ndani ya vyumba viwili. Bertila alimpeleka kwa mtengeneza makabati mmoja aliyekuwa akichukua kazi za ofisi yao. Yule bwana alimpa Mugisho patasi na kipande cha mbao, akamwacha nusu saa, aliporudi akamwambia aanze Jumatatu.

Ila familia ilivunjika. Miezi minne Dorothea hakumpigia simu. Wanaukoo wa Houston walimpitia Bertila kanisani kama nguzo ya taa. Mjomba mmoja alimtumia ujumbe wa sauti wa dakika saba kutoka Moshi, kwamba amemuuza aliyemlea.

Kisha asubuhi moja ya Jumamosi, mwezi wa pili, gari la Dorothea liliingia uani Pearland. Alishuka peke yake, bila mkoba, amevaa ndala za nyumbani. Aliingia jikoni, akavuta kiti, akakaa. Bertila alisema karibu, dada, akainjika maji ya chai kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake.

"Nimekuja kukwambia jambo," Dorothea alisema. "Si kwa ajili ya Humphrey. Hajui kama nipo hapa."

"Nakusikiliza."

"Siku ile alipopigiwa simu kwamba pamewaka, nilikuwepo. Alikuwa kwenye kile kiti chake. Akaweka sauti nje, kwa hiyo nilisikia yote. Yule mtu alisema pamewaka, na kuna mzee ameungua. Humphrey akauliza, mbao je?" Dorothea alikuwa anasugua kidole kwenye ukingo wa meza, palepale, palepale. "Yule mtu akasema mbao ziko salama. Basi Humphrey akacheka, Bertila. Akacheka vile anavyocheka akishinda karata. Na mimi nilikuwa jikoni nakaanga ndizi. Nikazigeuza. Nikampakulia. Alipomaliza akaniambia ni tamu, nikasema asante."

Maji yalichemka. Bertila hakuyaondoa.

"Nimekula naye miezi yote hii," Dorothea alisema. "Najisikia uchafu, mdogo wangu. Naoga, na bado."

Bertila alimtazama dada yake, mikono ile iliyomsuka nywele utotoni, iliyogeuza ndizi ili zisiungue. Alitaka kumshika. Mkono ulikataa. Kinyaa kilikuwepo bado, hakikuondoka kwa sababu tu aliyekaa mbele yake ni Dorothea, na hakutaka kumdanganya kwamba kimeondoka.

"Uliniacha nizisafishe mbao zile," alisema. "Ulijua, ukaniacha niende."

"Ndiyo."

"Polisi wa kule wanaweza kutaka kusikia hayo uliyoniambia."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Bertila alizima jiko. Alitoa vikombe viwili, akamimina, akasukuma kimoja upande wa pili wa meza. Halafu akaenda kuchukua simu yake chumbani, akarudi, akaiweka katikati yao, na akaanza kutafuta namba ya Winifred.